Maji ya Bomba, Dakika Kumi

Saa tatu na robo asubuhi Mzee Zambarau alikuwa ameshakubali kosa. Karatasi ilikuwa mezani, kalamu juu yake, na kilichobaki ni sahihi tu. Inspekta aliisoma akiwa amesimama, akaigeuza kuona kama nyuma kuna lolote la maana zaidi, kisha akaikunja na kuitia mfukoni mwa koti lake.

"Hiyo ni yangu, Inspekta," mzee alisema.

"Haina sahihi. Kwa hiyo bado si ya mtu."

Kikosini walimwita Inspekta huyu Bi Subira, na jina hilo walimpa kwa kejeli, maana mwanamke huyu hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Alisikiliza akitembea, akaandika akitembea, na mashahidi walitoka kwake shingo zikiwauma kwa kumfuata kwa macho. Leo alikuwa na sababu ya kuhangaika zaidi. Kamati ya nidhamu ya hospitali ingekaa saa nane mchana, na kamati ikiletewa mtu aliyekiri mwenyewe haiulizi la pili. Mzee angefukuzwa miezi mitano kabla ya kustaafu, kisha angekabidhiwa kwake ashitakiwe kwa uzembe.

Shauri lenyewe halikuwa refu. Miezi minane nyuma, fundi cherehani mmoja, mama wa watoto wawili, alikuja na uvimbe chini ya goti la kulia. Kipande cha mfupa kilitolewa, kikaletwa hapa maabara ya tishu. Kililainishwa, kikazamishwa kwenye nta, kikakatwa utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, ukabandikwa kwenye kioo na kupakwa rangi. Daktari bingwa akautazama kwa hadubini, akaandika saratani. Mguu ukakatwa. Mwezi uliopita kaka yake yule mama, ambaye roho yake haikutulia, aliwaomba wa hospitali nyingine waupime mguu wenyewe, maana sampuli zake zilikuwa zimehifadhiwa. Wakajibu kwa barua kwamba hakukuwa na saratani. Ulikuwa usaha wa siku nyingi ndani ya mfupa, maradhi ya kutibiwa kwa dawa.

Kaka mtu akaja juu. Kioo kikatolewa kabatini, na kwenye kioo saratani ilikuwa wazi hata kwa mwanafunzi. Daktari akasema yeye alisoma alichopewa. Kama nyama iliyoko kwenye kioo si ya mama huyu, basi aulizwe aliyeibandika. Kipande cha nta chenye mfupa wake, ambacho kingemaliza ubishi, hakikuonekana mahali pake. Na namba iliyoandikwa kwa penseli pembeni mwa kioo ilikuwa kwa mkono wa Mzee Zambarau.

"Una hakika ni mwandiko wako?"

"Ile saba yenye mkia ni yangu. Sijawahi kumwona mwingine anayeiandika hivyo." Mzee alitazama vidole vyake, ambavyo rangi ya miaka thelathini ilikuwa imeviingia hata kwenye kucha, na ndiyo iliyompa jina. "Nimekitazama mwenyewe jana, Inspekta. Nyama imejikunja, tena ina mchirizi wa kisu katikati. Hata mwaka wangu wa kwanza sikukata vile. Labda macho. Labda mikono. Mtu haambiwi siku anayoanza kuharibika."

Alikuwa na aibu, na aibu ile ilimtesa kuliko hofu ya kufungwa. Inspekta aliiona, ikamkera, kwa sababu mtu mwenye aibu ni shahidi mbaya. Hukubali chochote ili yaishe.

Akaomba trei ya siku ile. Msaidizi wa maabara, dada wa miaka thelathini na kitu aliyemwita mzee Baba, aliileta kutoka kabati la kumbukumbu. Vioo kumi na tisa, vyote vya tarehe moja. Inspekta hakujua kusoma tishu na hakutaka kujifanya anajua. Alichofanya ni kile ambacho mtu yeyote angefanya dukani akichagua kitambaa: alivisogeza dirishani, akaviinua kimoja kimoja kwenye mwanga.

Kumi na nane vilikuwa na waridi na bluu iliyoiva. Kimoja kilikuwa na waridi na wekundu wa kahawia, kama maji ya kuoshea bitiruti. Kilikuwa kile cha fundi cherehani.

"Hiki kimefanya nini?"

Msaidizi alisema rangi huchuja. Daktari naye alishasema hivyo walipokitoa, kwamba kioo cha zamani hupoteza bluu yake.

"Na hivi vingine kumi na nane ni vya lini?"

Mzee Zambarau ndiye aliyeinuka kwenye kiti, polepole, akaja dirishani na kukitazama kioo chake tena, safari hii bila hadubini. Jana alikuwa ametazama nyama tu. Rangi hakuitazama, kama mtu anayesoma barua ya msiba asivyotazama wino.

Akaeleza, na kwa kuwa alikuwa akieleza kazi, sauti ilimrudi. Vioo vya siku moja havipakwi kimoja kimoja. Hupangwa kwenye kikapu cha chuma, na kikapu huzamishwa chote: kwenye zambarau, kwenye maji, kwenye waridi, kwenye spiriti. Ni mikate ya oveni moja.

"Mmoja hauwezi kutoka mbichi?"

"Oveni ina pembe zake, Inspekta. Bakuli la maji halina."

Kisha akafungua droo yake kwa ufunguo aliouvaa shingoni na kutoa kitabu. Rafu ya ukutani ilikuwa na vitabu vya rejea vinane, vyote vimesimama wima kwa adabu, lakini hiki hakikuweza kusimama. Jalada lilishaondoka, mgongo ulishikiliwa na plasta ya vidonda, na kurasa zilikuwa na madoa ya kila rangi inayopatikana mle ndani. Maabara nzima ilikiita Babu. Mzee alikifungia kila Ijumaa jioni, tangu mwaka ambao mtu alikiazima Jumamosi na kukirudisha bila ukurasa wa mifupa.

Babu alikuwa amechapwa mbali, kwa ajili ya maji ya mbali, na watu watatu waliopita kwenye kiti cha mzee walikuwa wamegombana naye pembezoni kwa penseli. "Dakika tano uongo, tatu zinatosha." Chini yake, mkono mwingine: "Wakati wa baridi nne, usibishe." Kwenye ukurasa wa kupaka zambarau, mahali palipoandikwa kwamba vioo vioshwe kwa maji ya bomba dakika kumi mpaka viwe bluu, maneno "maji ya bomba" yalikuwa yamekatwa kwa mstari, na pembeni palikuwa na mwandiko wenye herufi nene: "Maji yetu yana uchachu, hayaleti bluu hata ukae mwaka. Tia magadi, kijiko kimoja cha chai kwa lita."

"Nani aliandika?"

"Aliyenifundisha. Nami nimemfundisha huyu." Akaonyesha kwa kidevu upande wa msaidizi.

Inspekta akaacha kutembea, jambo la nadra. Kisha akauliza kama kuna njia ya kujua kioo kimechuja au hakikupitishwa kwenye magadi tangu mwanzo. Mzee akasema ipo, na ni rahisi. Kilichochuja hakirudi. Ambacho hakikupata magadi, ukikipa leo kitageuka bluu mbele ya macho yako. Shida ni kifuniko. Juu ya nyama kuna kioo kingine chembamba kimeshikwa kwa gundi, na gundi haitoki mpaka kioo kilowekwe kwenye zailini, dawa ya kuiyeyusha.

"Muda gani?"

"Gundi ya miezi minane? Siku mbili. Tatu."

Saa ya ukutani ilisema saa nne kasorobo.

"Loweka hivyo hivyo."

"Haraka haraka, Inspekta..."

"Najua inavyoishia. Loweka."

Alimpigia simu mwenyekiti wa kamati, akapata ruhusa ambayo mwenyekiti aliitoa kwa mguno, akakipiga picha kioo pande zote mbili. Kisha, bila kujua vizuri kwa nini, ila kwa tabia ya kazi ya kutopima kitu kimoja peke yake, akachagua kioo kingine kutoka trei ile ile kilowekwe kando yake. Vyote viwili vikasimamishwa kwenye mtungi mmoja wenye kifuniko, na msaidizi akauweka chini ya kabati la kuvutia hewa.

Wakati wa kungoja ulimfaa Inspekta kidogo sana. Alihesabu vigae vya sakafu, akakagua kabati la nta, akarudi kwa mtungi, akaondoka. Mwishowe akamchukua msaidizi pembeni, kwa sababu ilibidi. Dada huyu ndiye angekikalia kiti cha mzee akiondoka, iwe kwa heshima au kwa fedheha, na fedheha ingefika mapema zaidi. Alikuwa na ufunguo wa maabara, na alijua kukata. Inspekta akamwuliza moja kwa moja kama ndiye aliyekipaka kioo kile. Dada akalia, halafu akakasirika kwa kulia kwake.

"Haya, nieleze kazi tu. Ukivitoa vioo kwenye zambarau unafanya nini?"

"Nasuuza, natia kwenye magadi."

"Dakika ngapi za maji ya bomba?"

Dada alimtazama kama mtu aliyeulizwa chai inachemshwa na sabuni gani. "Maji ya bomba ya nini? Sijawahi. Hata sikujua kama kuna wanaofanya hivyo."

Mlangoni alisimama mfanya usafi, Mama Usafi kwa wote, na ufagio wake, akiwa amesikia yote bila kuona haya. Akasema kama ni magadi waulize yeye, maana ndiye anayetumwa dukani kila mwisho wa mwezi, na muuza duka ameshaamini kwamba nyumbani kwake hawali kitu ila maharage.

Inspekta alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaandika kitu kwenye daftari, akakipigia mstari.

Ilipofika saa sita na dakika ishirini msaidizi aliita. Hakuita kwa nguvu. Kwenye mtungi, kifuniko cha kioo cha fundi cherehani kilikuwa kimeteleza chenyewe na kulala chini. Cha pili, cha siku ile ile, kilikuwa kimeshika kama mlango wa benki. Mzee Zambarau alijaribu kukisukuma kwa kucha, hakikutikisika.

"Haiwezekani," alisema. "Gundi moja, chupa moja, siku moja."

"Nini hufanya kifuniko kitoke haraka?"

"Upya. Gundi isiyokauka vizuri. Wiki mbili, tatu, nne." Inspekta akamwacha afike mwenyewe. "Lakini namba ni yangu."

"Namba imeandikwa kwa penseli. Kwa nini penseli, Mzee, na si kalamu?"

"Kwa sababu wino huoshwa na zailini. Penseli haitoki kwa..." Hapo akakaa chini.

Inspekta akaimalizia hesabu kwa sauti, akitembea. Mtu alichukua kioo halisi cha mama yule. Akakiloweka siku kadhaa mpaka kifuniko kikatoka, akaifuta nyama, akabaki na kioo kitupu chenye mwandiko wa kweli. Akakata nyama ya saratani kutoka kipande cha nta cha mgonjwa mwingine, akaibandika, akaipaka rangi, na kile kipande cha nta cha mama akakiondoa mahali pake. Kioo kile kile, namba ile ile, nyama nyingine.

"Kwa hiyo kukunjamana kule..." mzee alianza.

"Ni kwa mkono wa mtu asiyekata kila siku."

Mzee aliviweka vidole vyake vya zambarau mezani, akavinyoosha, akavitazama kama anavihesabu kuona vyote vipo.

Getini, mlinzi alitoa daftari lake kwa fahari ya mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwomba kulisoma. Barua ya hospitali nyingine ilikuwa imepokelewa Alhamisi moja mwezi uliopita. Alhamisi ile ile, kwa mujibu wa orodha ya kabati la kumbukumbu, kioo kilitoka kwa sahihi ya Daktari, "kwa mapitio." Jumapili iliyofuata, Daktari aliingia maabara saa mbili asubuhi, akatoka saa saba. Sababu ya kuja: kusoma. Mlinzi akasema siku ile alimsifu Daktari kwa bidii, na sasa angependa arudishiwe sifa yake.

Saa saba na nusu Inspekta aligonga mlango wa Daktari. Alikuwa mtu safi, mwenye sauti ya chini, na alimkaribisha kiti ambacho hakikukaliwa. Nyuma yake kulikuwa na kabati la vitabu vya rejea visivyo na doa, na kati yavyo Babu mwingine, toleo lile lile, akiwa kijana. Inspekta alisema amechanganyikiwa na kazi za watu wa chini, na angeomba aelezwe na msomi. Daktari akatabasamu. Akasema wao hupika, yeye husoma, na kila mtu abaki jikoni kwake.

"Lakini kupika ulijifunza?"

"Chuoni, bila shaka."

"Nieleze basi kidogo. Vioo vikitoka kwenye zambarau?"

"Vinaoshwa. Maji ya bomba, dakika kumi, mpaka viwe bluu."

"Hapa hapa? Kwa bomba hili?"

"Kwa bomba lolote. Imeandikwa katika kila kitabu."

Inspekta akaomba kukiona kitabu chenyewe. Daktari alikitoa kabatini bila wasiwasi na kumpa. Kilikuwa kitabu cha zawadi, na kurasa zake nyingi bado zilikuwa zimeshikana kingo, hazijawahi kutenganishwa. Inspekta alikiweka juu ya kiganja, akakiachia, nacho kikafunguka chenyewe kwenye ukurasa wa zambarau. Akakifunga, akashukuru, akaomba akiazime kwa saa moja.

Kamati ilikuwa na watu watano, na mezani mbele yao msaidizi aliweka mabakuli mawili ya kioo. Kulikuwa na manung'uniko. Daktari aliuliza kama hiki ni kikao au somo la watoto. Inspekta akamwachia mzee uwanja, kwa sababu ilikuwa haki yake.

Mzee Zambarau alikipitisha kioo kwenye spiriti, kisha kwenye maji, bila kutetemeka hata kidogo. Akaeleza kwamba bakuli la kwanza ni maji ya bomba la jengo hili. Akakizamisha. Dakika moja, mbili. Waridi ilianza kutoka, lakini wekundu wa kahawia ulibaki vile vile. Akakitoa, akakizamisha kwenye bakuli la pili, lenye kijiko kimoja cha magadi kwa lita. Mwenyekiti aliinama mbele. Wekundu ukatetereka, ukageuka zambarau, na kabla mtu hajamaliza kuvuta pumzi ulikuwa bluu, bluu ya vile vioo vingine vilivyopangwa pembeni.

"Hii haisemi ni nani," Daktari alisema.

"Peke yake, hapana," Inspekta alikubali. "Inasema kioo hiki hakikupakwa rangi na mtu wa maabara hii, maana wote hapa hutia magadi, na hata Mama Usafi anajua. Mtungi unasema kilifunikwa majuzi tu. Daftari la geti linasema nani alikaa humo Jumapili kwa muda wa saa tano nzima, siku ambayo kitabu chenye penseli kilikuwa kimefungiwa. Na wewe, Daktari, umeniambia mwenyewe nusu saa iliyopita. Maji ya bomba, dakika kumi. Katika jengo hili zima ni wewe tu unayeamini hivyo."

Akaweka vitabu viwili kando kando, vimefunguliwa ukurasa mmoja. Kimoja kilikuwa na mstari wa penseli. Kingine kilikuwa cheupe.

Daktari alikifunga kile cheupe. Aliposema, hakumwambia yeyote hasa.

"Siku niliyokisoma kioo chake cha kweli nilikuwa na vioo vya wiki nzima, na ndege ya kuwahi saa kumi."

Askari wawili walimtoa kwa mlango wa nyuma. Mwenyekiti alianza kumwomba radhi mzee kwa maneno marefu ya ofisi, na mzee akamwachia aendelee peke yake, maana alishageukia mlango. Inspekta alimfuata. Kwenye korido akatoa ile karatasi ya kukiri, akampa. Mzee akaichana vipande vinne, kisha hakujua pa kuviweka, akavitia mfukoni.

Fundi cherehani alikuwa kwenye benchi, magongo yameegemezwa ukutani, amengoja tangu asubuhi kuambiwa ni nani. Mzee Zambarau alisimama mbele yake akiwa ameficha mikono nyuma. Alikuwa amejiandaa kuomba msamaha tangu wiki iliyopita, na sasa msamaha haukuwa na mahali pa kukaa.

"Kioo chako nilikitengeneza vizuri, mwanangu," alisema mwishowe. "Mfupa wako ulisema kweli. Kila kitu kilikuwa pale, kinaonekana."

Mama yule aliitazama nafasi iliyokuwa chini ya sketi yake upande wa kulia, mahali pa mguu aliokuwa akikanyagia cherehani.

"Sasa, baba," aliuliza taratibu, "kilikuwa kinamwambia nani?"

Bi Subira, ambaye tangu saa tatu hakuwa ameketi hata mara moja, alisogeza magongo kidogo akakaa kando ya mama yule, kwa sababu swali lile halikuwa la kujibiwa na mtu aliyesimama.